Kifafa: maswali tunayoulizwa kila mara kliniki, Malindi

Ukurasa huu ni wa watu wa Malindi na viunga vyake, kuanzia Mambrui mpaka Gede, Ganda mpaka Marafa, wenye kifafa wenyewe au wanaomuuguza jamaa mwenye kifafa. Maswali ni yale yanayoulizwa kwenye benchi la kliniki, mengine kwa sauti, mengine kwa kunong'ona baada ya wengine kutoka. Mimi ni muuguzi, na yaliyo ya daktari bingwa nitayaachia bingwa. Ila kuna jambo moja nitalirudia mpaka nikuchoshe: wengi tunaowaona wanaanguka tena na tena, dawa yao ni nzuri, lakini wameikatiza.

Kifafa hasa ni nini?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kati ya seli zake, na seli hizo ni mabilioni. Kwa kawaida umeme huo hupita kwa utaratibu. Kundi la seli likianza kutoa umeme kwa pamoja, kwa ghafla na kupita kiasi, mwenye nao hushikwa: anakakamaa, anatupa mikono na miguu, au anaduwaa tu asijue alipo. Likitokea mara moja si lazima liwe kifafa. Tunakiita kifafa mtu akishashikwa mara mbili au zaidi bila sababu ya papo hapo kama homa kali au sukari kushuka, au akishikwa mara moja na vipimo vikaonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa wa kurudia.

Duniani wako watu takriban milioni 50 wenye ugonjwa huu, na karibu 80 kati ya kila 100 wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sawasawa.

Mama mkwe anasema ni nyuni, baba yake anasema ni jini wa baharini. Tuanze hospitali au kwa mganga?

Anzeni hospitali. Mkishatoka, hayo mengine ni ya familia yenu.

Pwani yetu mtoto mdogo akishikwa, wazee husema kapitiwa na nyuni. Akianguka mtu mzima, husemwa ana pepo au kuna mtu kamfanyia. Nimelelewa humu humu na sitamcheka mtu. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, walioko Kilifi tangu 1989, wamefuatilia kifafa katika vijiji vya kaunti hii kwa miaka mingi, na hata waganga wa kienyeji waliwaendea wakawasikiliza, kwa sababu wagonjwa wengi hupitia huko kwanza.

Maalim akimsomea mtoto, au akimwandikia kombe kwa zafarani akanywa, sioni dhara, mradi vidonge vya usiku vinamezwa vile vile. Dhara liko kwingine: kumchanja chale kwa wembe uliotumika kwa mwingine, kumfukiza moshi chumba kikiwa kimefungwa, kumchapa ili "anayemkalia" atoke, kumfunga kamba, au kumwambia hirizi na vidonge havikai pamoja. Hilo la mwisho ndilo linalotuletea wagonjwa taabani. Kwa haki niseme pia kwamba wapo maalim na waganga hapa mjini ambao mgonjwa wa kuanguka akiwafikia, wao ndio humwambia, "Nenda kliniki kwanza, halafu urudi."

Kinaambukiza? Tumeambiwa tusimguse akiwa anatoka povu.

Hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mkojo, si kwa upepo unaomtoka akiwa ameanguka, si kwa kula naye sahani moja wala kulala naye kitanda kimoja. Povu ni mate yake mwenyewe yaliyochanganyika na hewa, na yakiwa na damu ni kwa sababu kajiuma ulimi. Hofu hii imeua watu. Mtu anaangukia kwenye mafiga, na waliomzunguka wanasimama kando wakiangalia.

Mtu akianguka mbele yangu, nifanye nini?

Kwanza tazama saa. Najua si jambo linalokujia akilini pale, lakini dakika moja ya kumwona mtu akitikisika utadhani ni robo saa, na daktari atakuuliza ilichukua muda gani.

Ondoa kilicho karibu kinachoweza kumuumiza: jiko la makaa, kisu cha kukwangulia samaki, meza yenye pembe. Kama yuko karibu na maji, moto au barabara, msogeze yeye. Tia kitu laini chini ya kichwa. Kanga iliyokunjwa inatosha. Mlegeze vifungo vya shingoni, au mtandio kama ameukaza. Kisha mgeuze alale ubavu ili mate na matapishi yatoke nje yasimrudi kooni. Ikiwa anatikisika kwa nguvu na hageuziki, subiri atulie kidogo kisha mgeuze. Baki naye mpaka azindukane, na akizindukana mwambie kwa upole alipo na kilichotokea. Huenda akawa amechanganyikiwa, au amejikojolea, mfunike.

Sasa ya kutofanya. Usimtie kitu chochote mdomoni: si kijiko, si kijiti, si kitambaa, si kidole chako. Hakuna mtu anayemeza ulimi wake. Kijana mmoja aliletwa kliniki baada ya kushikwa, na kaka yake aliyemleta ndiye aliyehitaji kushonwa, kwa kuwa alimtia vidole viwili katikati ya meno ili "ulimi usirudi nyuma". Cha kwanza kilikuwa kimefunguka mpaka mfupa unaonekana. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti anauliza kaka kafanywa nini.

Usimkandamize mikono na miguu. Usimpe maji, chai wala dawa kabla hajaamka sawasawa. Kumnusisha kitunguu, kiatu au kijiti cha kiberiti kilichozimwa hakusaidii kitu; kinachotokea ni kwamba mshtuko huisha wenyewe baada ya dakika moja au mbili, na sifa zote zikaenda kwa kitunguu.

Lini ni lazima tukimbilie hospitali?

Mshtuko ukipita dakika 5. Akishikwa tena kabla hajazindukana kutoka ule wa kwanza. Ikiwa ni mara yake ya kwanza maishani. Ikiwa ni mjamzito. Ikiwa ameumia kichwa, ameangukia majini, ana kisukari, anapumua kwa shida, au ana homa na shingo ngumu. Msingoje gari la maana, tuktuk itafika. Mbebeni akiwa amelala ubavu na mmoja wenu akishika kichwa, na asiketishwe katikati ya watu wawili kwenye bodaboda huku shingo inaning'inia.

Mshtuko usiokatika ni wa dharura kweli kweli, kwa sababu kadiri unavyoendelea ndivyo unavyozidi kuwa mgumu kuuzima. Hospitalini huanza na dawa ya kundi la dayazepamu, kwa mshipa au kwa njia ya haja kubwa.

Mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na dege akiwa na homa. Tayari ana kifafa?

Uwezekano mkubwa ni kwamba hana. Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, wawili mpaka watano katika kila mia, na wengi wao hukua bila kuwa na kifafa. Lakini kwetu homa yenye dege haipelekwi dukani kununuliwa dawa ya maji. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, na yote mawili yanaweza kuua au kuharibu ubongo kwa saa chache. Mpelekeni apimwe siku hiyo hiyo, hata kama dege limekwisha na anacheza. Wala msimtumbukize kwenye beseni la maji baridi.

Mwalimu anasema binti yangu ana dharau, akiitwa anatazama tu ukutani.

Mlete. Kuna kifafa kisichoangusha mtu. Mtoto anakatika katikati ya sentensi, macho yanabaki wazi, kope zinapigapiga, na baada ya sekunde kumi hivi anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kinaweza kumjia mara nyingi kwa siku moja. Tumewaona watoto waliochapwa kwa utovu wa adabu miaka miwili mizima, kumbe hawakuwa wakisikia.

Kipo pia kinachoanzia sehemu moja tu ya ubongo. Mtu husikia harufu ambayo wengine hawaisikii, au hofu inampanda kutoka tumboni, au anaanza kutafunatafuna na kufinyangafinyanga nguo bila kujitambua. Hiki ndicho kinachopelekwa sana kwa waganga, maana kwa mtazamaji ni kama mtu aliyepandwa na kitu.

Kilimpataje? Kwetu hakuna mwenye kifafa.

Kwa wengi haijulikani, hata baada ya vipimo vyote. Zinazojulikana ni hizi: mtoto kukosa hewa au kuumia wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, malaria kali na maambukizi mengine ya ubongo, kiharusi kwa watu wazima, uvimbe, na mara nyingine kurithi. Mwaka 2013 watafiti wa Kilifi na wenzao wa Tanzania, Uganda, Ghana na Afrika Kusini walichapisha utafiti mmoja mkubwa, na yaliyojitokeza ndiyo hayo hayo: matatizo ya uzazi, majeraha ya kichwa, vimelea, na ndugu wengine katika familia waliowahi kushikwa.

Kimelea kimojawapo ni cha minyoo ya tegu wa nguruwe. Usiseme "sisi hatuli nguruwe" ukamaliza. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo, yakaingia kwenye maji au mboga ambazo hazikuoshwa, kwa hiyo hata asiyekula nguruwe anaweza kuyameza.

Kinachoweza kuzuiwa si haba. Karibu robo ya visa vyote duniani. Mama akijifungulia hospitali, mtoto akilala ndani ya chandarua, kijana wa bodaboda akivaa helmeti kichwani badala ya kuitundika kwenye kioo cha pikipiki, na mkwezi wa minazi akiacha kupanda mnazi ulioloa mvua, tayari tumepunguza.

Alipimwa umeme wa ubongo na karatasi ikatoka safi. Basi hana?

Kipimo cha EEG, ambacho Mjerumani Hans Berger alikifanya kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, hurekodi umeme wa ubongo kwa kama nusu saa tu. Kama katika nusu saa hiyo ubongo umetulia, karatasi itakuwa safi. Kwa kipimo cha kwanza, karibu nusu ya wenye kifafa hutoka safi. Skani ya CT na MRI hutafuta kovu, uvimbe au damu, na zenyewe zinaweza kutoonyesha kitu.

Ugonjwa huu hutambuliwa zaidi kwa maelezo ya aliyeona. Ndiyo maana nikikuona umemleta mgonjwa nitakuuliza wewe maswali mengi kuliko yeye: alianza kwa upande gani, macho yalikuwa wazi au yamefumba, alijiuma, alijikojolea, alilala baadaye? Mmoja akimhudumia, mwingine na achukue video kwa simu, kisha video hiyo muonyeshe daktari. Msiirushe kwenye vikundi vya WhatsApp.

Dawa gani hutumika?

Fenobabito ndiyo kongwe, inatumika kwa kifafa tangu 1912, ni ya bei rahisi na ndiyo utaikuta katika zahanati nyingi. Hupewa mara moja kwa siku, usiku. Humfanya mtu asinzie mwanzoni, na baadhi ya watoto huwafanya wasitulie. Kabamazepini humezwa mara mbili. Ukitoka vipele, ngozi ikibabuka au mdomo ukifanya vidonda, rudi siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Fenitoini huweza kuvimbisha fizi, kwa hiyo mswaki usikose. Valproeti ni nzuri kwa aina nyingi za kifafa, lakini kwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa ina hatari nitakayoieleza chini. Kuna mpya zaidi, lamotrijini na levetirasetamu, na kizuizi chake mara nyingi ni bei.

Ukienda duka la dawa kununua dawa ya maumivu, taja kwamba una kifafa. Tramado huweza kumwangusha mtu aliyekuwa ametulia.

Sijaanguka tangu mwaka jana. Kwa nini niendelee kumeza?

Kwa sababu ndiyo inayokuzuia kuanguka. Dawa hizi haziling'oi tatizo; zinautuliza umeme siku hadi siku. Kiasi cha dawa katika damu ni kama maji ya pipa lenye tundu dogo: kila usiku unaongeza kidogo kilichovuja, na usiku usioongeza, maji yanashuka. Hushtuki siku ya kwanza, pengine hata ya pili, na ndiyo maana watu wanadanganyika. Wiki moja baadaye anaanguka, na nyumbani wanasema dawa imeshindwa.

Mfuko wa karatasi huniambia habari zote. Mtu huniwekea mezani ule mfuko wa kaki tuliompa mwezi uliopita, umeandikwa kwa kalamu "1 usiku", na ndani mna vidonge kumi na viwili ambavyo vilitakiwa viwe vimekwisha. Haja ya kumgombeza haipo. Ninamuuliza: siku gani? Jibu huwa ni lile lile kwa sura tofauti. Alikwenda matangani Kakoneni akaviacha. Aliona aibu kumeza mbele ya wageni. Mumewe alisema anajizoeza dawa. Au alijisikia mzima, na kwa haki yake, mzima humezea nini dawa? Tukishajua siku, tunapata dawa ya hiyo siku: vidonge vitatu vinavyokaa ndani ya pochi, kengele ya simu baada ya isha, au mtoto mkubwa aliyepewa kazi ya kumkumbusha bibi yake.

Ukisahau, meza ukikumbuka. Kama ni karibu na saa ya kidonge kinachofuata, ruka kile, usimeze viwili kwa pamoja. Kukatisha ghafla, hasa fenobabito, huweza kuleta ule mshtuko usiokatika niliousema. Baada ya angalau miaka 2 bila kuanguka hata mara moja, kaa na daktari mzungumze kuhusu kupunguza. Hupunguzwa polepole kwa miezi, na si kila mtu huacha.

Nikienda naambiwa dawa zimeisha, nikanunue.

Hutokea, na hasira yako ni ya haki. Mtu katoka Marafa kwa nauli ya kuazima, kapanga foleni tangu alfajiri, halafu anaandikiwa karatasi ya kwenda kununulia nje. Nenda kliniki vidonge vikiwa vimebaki vya wiki nzima, usingoje kimoja cha mwisho. Muulize mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chako ni zahanati gani iliyo na dawa kabla hujatoa nauli. Jisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Ukinunua nje, nunua jina lile lile na nguvu ile ile iliyoandikwa, na muuzaji akikwambia "hii ni ndugu yake", rudi uulize kwanza. Kugawana vidonge na jirani mwenye kifafa pia hapana. Chake si chako.

Ramadhani inakuja. Nifunge?

Muulize daktari mwezi wa Shaaban, usije mwezi umeshaandama. Anayemeza fenobabito usiku mara nyingi habadilishi kitu, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini siku kadhaa. Anayemeza kabamazepini mara mbili huweza kupangiwa wakati wa kufuturu na wakati wa daku. Anayemeza mara tatu, au aliyeanguka hivi karibuni, au mjamzito, asifunge kwa ubishi. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na maalim wako atakueleza namna ya kulipa.

Kwa wengi kinachowaangusha Ramadhani ni usingizi zaidi ya njaa. Tarawehe, barazani mpaka saa saba, daku saa kumi, kisha kazini. Kukosa usingizi ni kichochezi kikubwa cha kifafa. Ukirudi kutoka tarawehe, lala.

Na muguka? Na mnazi? Na harusi?

Muguka na miraa humkesha mtu, akakesha bila hata kujua kachoka, na hamu ya chakula ikaondoka. Kwa mwenye kifafa ni kujitafutia. Mnazi na pombe nyingine huvuruga dawa, na anayekunywa kila siku akiacha ghafla pia huweza kushikwa, hata asiye na kifafa. Harusi nenda, ila usikeshe siku tatu mfululizo, na vidonge uwe navyo.

Mimi ni mvuvi. Niache bahari?

Swali hili haliwi jepesi, maana jibu langu linagusa unga wa nyumbani kwake. Aliyeanguka katika mwaka huu asiende baharini peke yake, basi. Akiwa na wenzake wanaojua hali yake, amevaa jaketi la kuokolea (si kulikalia), na bahari si ya kusi kali, anaweza kupima na daktari wake. Kuzamia pweza na kamba hapana. Wapo waliohamia kazi za pwani: kushona nyavu, kuuza samaki sokoni, kutengeneza mashua. Kipato hupungua, sitaficha.

Kupanda minazi hapana. Kuendesha bodaboda, tuktuk au matatu hapana mpaka daktari aseme, na si kwa ajili yako pekee. Kuogelea, nenda na mtu anayejua kuogelea na anayekutazama. Kisimani usichote peke yako; oga kwa kujimwagia kata badala ya kuingia ndani ya pipa.

Jikoni ndiko kunakoumiza wanawake wengi. Mafiga ya chini ni hatari kuliko jiko lililoinuliwa. Likizungushiwa ukuta mfupi wa udongo au matofali ni afadhali. Geuza mikono ya masufuria ielekee ukutani, na mafuta ya kukaangia mahamri ayaangalie mwingine.

Nataka mtoto. Niache dawa?

Usiache, njoo kabla hujashika mimba. Wanawake wengi wenye kifafa huzaa watoto wazima. Hatari ya kuanguka ukiwa na mimba, kwako na kwa mtoto, ni kubwa kuliko hatari ya dawa nyingi. Valproeti ndiyo tofauti: karibu mtoto 1 kati ya 10 wanaokuwa tumboni wakati mama anaitumia huzaliwa na kasoro ya maumbile, na wengi zaidi hupata shida ya kujifunza baadaye. Kwa hiyo msichana akiwa anaitumia, mama yake aulize mapema kama inaweza kubadilishwa, na asiikatishe mwenyewe. Vidonge vya foliki vianze kabla ya mimba.

Kuna jambo halisemwi vya kutosha. Fenobabito, kabamazepini na fenitoini hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ya vipandikizi vya mkononi. Dada akapata mimba akalaumiwa kwa uzembe, hali vidonge alimeza kila siku. Sindano ya miezi mitatu na koili hazidhuriwi na dawa hizo.

Kifafa cha mimba ni ugonjwa mwingine kabisa. Huja baada ya wiki 20 za mimba, au muda mfupi baada ya kujifungua, kwa sababu ya presha kupanda. Hutanguliwa na kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba. Kina tiba yake, magnesiamu salfeti, na hakingoji asubuhi.

Kinaua?

Kinaweza. Wengi hufa kwa maji, moto na kuanguka, na wengine kwa mshtuko usiokatika. Kuna pia kifo cha ghafla, mara nyingi usingizini, ambacho humpata takriban mtu mzima 1 kati ya 1,000 wenye kifafa kwa mwaka. Kinachokipunguza zaidi ni kutoanguka, hasa usiku, na hilo linaturudisha kwenye kile kidonge.

Shule wamemrudisha nyumbani mpaka "apone".

Hawana haki hiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa kila mtoto nafasi ya kusoma bila kubaguliwa. Nenda na mtu wa kliniki kama unaweza, mwonyesheni mwalimu mkuu jinsi ya kumlaza ubavu, na mwombeni awafundishe watoto wa darasa lake. Watoto huelewa kwa dakika tano. Walimu tunawarudia.

Binti yetu anaposwa. Tuwaambie?

Hili si la muuguzi kuamua, lakini mmeuliza. Waambieni, na yeye mwenyewe awe amekubali na awepo. Nimeona ndoa zilizofichwa zikivunjika wiki ya kwanza, kwa sababu bibi harusi aliacha dawa ili zisionekane, akaanguka mbele ya wakwe. Aliyeambiwa mapema huja kliniki na mke wake, huuliza, hushika saa.

Dawa mbili zimeshindwa na tumeandikiwa kwenda kwa bingwa Mombasa. Tubebe nini?

Hakikisheni kwanza zimeshindwa zikiwa zinamezwa kwa kiasi kamili, maana dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zikishindwa, ya tatu huwa na nafasi ndogo, na hapo ndipo bingwa hufikiria mengine: kuchanganya dawa, chakula maalumu chenye mafuta mengi kwa watoto, au upasuaji kwa wachache.

Bebeni kadi ya kliniki na barua ya rufaa. Bebeni daftari la tarehe za kuanguka, hata kama ni kalenda ya ukutani iliyotiwa alama. Bebeni dawa zote kwenye mifuko yake, pamoja na za kienyeji, na msimfiche daktari hizo. Bebeni picha za skani zenyewe pamoja na maelezo yake, na simu yenye video. Awepo mtu aliyemwona akianguka. Mjomba mwenye gari ambaye hajawahi kuona hatasaidia. Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, na matatu ya alfajiri humkosesha usingizi, kwa hiyo alale mapema usiku wa kuamkia safari, ameze dawa yake kama kawaida, apate chai na kitu tumboni kabla ya kupanda, na akae kiti cha ndani, mbali na mlango.